Ekari nane za Mbozi: kilimo cha kisasa, kilimo cha kiwanda au kilimo hai?

MtotoWaMbozi anauliza:

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limeigawa familia yetu tangu mzee alipotukabidhi shamba. Tuna ekari nane wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Sita ni za mahindi yanayochanganywa na maharage, na mbili zilizobaki ni za kahawa ya arabika ambayo mibuni yake mingi imezeeka. Mvua inapokuwa nzuri tunapata wastani wa magunia kumi ya mahindi kwa ekari, lakini kila msimu tunalazimika kuongeza mbolea ili tubaki palepale.

Kaka yangu mkubwa anashikilia kilimo cha kisasa, yaani mbegu chotara, mbolea ya DAP ya kupandia, mbolea ya UREA ya kukuzia na dawa ya kuua magugu badala ya jembe la mkono. Dada yetu, ambaye aliwahi kuhudhuria mafunzo ya kilimo hai huko Morogoro, anataka tuachane kabisa na mbolea za chumvichumvi, tujiunge na kikundi cha wakulima wa kahawa kinachotafuta ithibati, yaani cheti cha kilimo hai, na anaamini kwamba mahindi yaliyokuzwa kwa mbolea hizo yana madhara kwa mlaji. Shemeji yetu anasema wote wawili wanapoteza muda, kwa kuwa enzi ya vishamba vidogo imepita. Anataka tuungane na majirani, tuondoe mipaka na kulima zao moja kwa trekta na kombaini kama wanavyofanya wenzetu wa nchi zilizoendelea.

Ninachoomba ni ulinganisho wa kweli, hasa uliofanywa katika hali ya hewa na udongo unaokaribiana na wetu. Je, ni kweli kwamba mavuno hushuka mtu anapoingia kilimo hai, na je, hubaki chini daima? Na hofu ya dada yetu kuhusu afya ina msingi gani?

BwanaShambaMstaafu anajibu:

Mwanangu, asante kwa swali lililopangwa vizuri. Nimefanya kazi ya ugani katika Nyanda za Juu Kusini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na naomba nianze kwa kutenganisha mambo ambayo ndugu zako wanayachanganya. Kilimo cha kisasa ni matumizi ya maarifa yaliyopimwa: mbegu bora, nafasi sahihi, kipimo cha udongo na mbolea inayolingana na hitaji la mmea, na yote hayo yanawezekana hata kwenye robo ekari. Kilimo cha kiwanda ni namna ya kupanga uzalishaji, ambapo eneo kubwa hupandwa zao moja, mashine huchukua nafasi ya watu, na karibu kila pembejeo hutoka nje ya shamba. Kilimo hai nacho ni mfumo wenye kanuni zilizoandikwa. Afrika Mashariki tumekuwa na kiwango chetu cha mazao ya kilimo hai na alama ya Kilimohai tangu mwaka 2007, na kanuni hizo haziishii kumkataza mkulima mbolea na viuatilifu vya viwandani, bali zinamdai aurutubishe udongo kwa njia nyingine.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Shamba ambalo kwa miaka mingi halijapewa mbolea ya aina yoyote, ambalo mabua yake huchomwa moto na mazao yake huuzwa mjini, si shamba la kilimo hai hata kama halijaonja tone la kemikali. Hilo linachimbwa kama mgodi. Kwa hiyo badala ya kuuliza ni jina lipi la kilimo lililo bora, naomba familia yenu iketi na kalamu na kuuliza: ni virutubisho gani vinavyotoka shambani kwetu kila mwaka, na vinarudishwa na nini?

Tuchukue takwimu zako mwenyewe. Magunia kumi ya kilo 100 kwa ekari ni tani moja, na ekari sita ni tani sita. Kila tani ya punje za mahindi huondoka na takriban kilo 15 za naitrojeni na kilo tatu hivi za fosforasi. Maana yake ni kwamba lori linapoondoka na mahindi yenu, limebeba karibu kilo 90 za naitrojeni na kilo 18 za fosforasi kutoka kwenye udongo wenu, kabla hatujahesabu mabua yanayoliwa na ng'ombe wa jirani. Mfuko wa UREA wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, hivyo mifuko minne ingetosha kufidia kama hakuna kinachopotea, ila kwa kweli sehemu kubwa hupotea hewani na kwenye maji, hasa ikimwagwa juu ya udongo mkavu bila kufukiwa. Samadi kavu iliyotunzwa vizuri ina takriban kilo 10 za naitrojeni kwa tani, na mmea huipata sehemu tu katika msimu wa kwanza, huku iliyobaki ikiendelea kutoka polepole. Mwambie dada yako ahesabu ng'ombe mlio nao kabla hajatupa mfuko wa mwisho wa mbolea.

Kuhusu ulinganisho wa muda mrefu, upo. Nchini Uswisi, huko Therwil karibu na Basel, kilimo hai na kilimo cha mbolea za viwandani vimewekwa bega kwa bega tangu mwaka 1978. Matokeo ya miaka 21 yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba mavuno ya kilimo hai yalikuwa chini kwa asilimia 20, lakini matumizi ya mbolea na nishati yalipungua kwa asilimia 34 hadi 53, na viuatilifu kwa asilimia 97. Karibu zaidi na nyumbani, jaribio la aina hiyo linaendeshwa Kenya tangu mwaka 2007, Chuka na Thika, kwa ushirikiano wa watafiti wa Uswisi na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu. Huko mavuno ya mahindi ya mifumo hii miwili yamekaribiana sana pale kiasi cha virutubisho kinapolingana. Watu husoma sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo na kuiacha ya pili. Kule Chuka na Thika viwanja vya kilimo hai havikuachwa bila kitu: viliwekewa mboji ya kutosha, mwamba wa fosfeti (mwamba wenye fosforasi uliosagwa) na majani mabichi yenye naitrojeni. Mkulima asiye na mboji hiyo hawezi kujipa matokeo hayo.

Anayetaka kuona hatari ya kuruka hatua atazame Sri Lanka. Aprili 2021 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea za viwandani kwa nchi nzima, bila maandalizi ya mboji wala muda wa mpito. Mpunga na chai vikaathirika vibaya, na kabla mwaka haujaisha marufuku hiyo ikaondolewa. Sisemi hivyo kukilaumu kilimo hai, kwa sababu kanuni zake zenyewe zinadai mpito. Ninasema kwa sababu watu wenye njaa ndio waliolipia haraka hiyo.

MamaKibanja_Muleba anajibu:

Shikamoo Bwana Shamba, na salamu kwako ndugu wa Mbozi. Nalima kahawa yenye ithibati ya kilimo hai mkoani Kagera, na nakubaliana na hesabu ya virutubisho, ila ningependa uelewe inavyoonekana ukiwa ndani ya kibanja.

Kibanja chetu kina migomba, mibuni, maharage na miti ya kivuli kwa pamoja, na mgeni akikiona kimejaa kijani hudhani kinajilisha chenyewe. Wazee wetu walikuwa na ng'ombe waliochunga kwenye rweya, yaani nyanda za nyasi nje ya vibanja, mchana na kulala nyumbani usiku, na nyasi za rweya zilikatwa zikatandikwa chini ya migomba. Rutuba ya sehemu kubwa ilikuwa inahamishwa kila siku kuja sehemu ndogo. Familia zilipopunguza ng'ombe na rweya ikapandwa miti au kugawanywa, vibanja vingi vilidhoofika, ingawa hakuna aliyebadilisha mbegu wala kuweka kemikali. Anayewashauri kilimo hai bila kuwauliza nyasi na samadi vitatoka wapi hajawatendea haki.

Mboji yetu tunaitengeneza chini ya kivuli cha mgomba. Tunaanza na vijiti vikavu ili hewa ipite, kisha majani makavu, majani mabichi, samadi, majivu kidogo na udongo wa juu, halafu tunarudia hadi rundo lifike kiunoni, na kila tabaka tunalinyunyizia maji. Kijiti kirefu huchomekwa katikati tangu mwanzo. Baada ya siku chache ukikichomoa na kukishika, kinapaswa kuwa cha moto kiasi cha kukufanya uhamishe mkono. Kikitoka kikiwa cha baridi na kikavu, rundo linahitaji maji, na kikitoka kinanuka uozo, maji yamezidi na inabidi kuligeuza. Kazi hiyo ni ya mikono, na kwa uzoefu wa vijiji vyetu mikono hiyo ni ya wanawake na watoto. Mtu anapolinganisha gharama ya mboji na ya UREA halafu akaandika kwamba mboji ni ya bure, nasikia uchungu, kwa sababu muda wa mama hauhesabiwi popote.

Kuhusu soko, ithibati ina masharti. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka mpito wa miaka mitatu kwa zao la kudumu kama kahawa na miaka miwili kwa mazao ya msimu, na kanuni mpya zinataka kikundi kiwe chombo kilichosajiliwa kisheria chenye wanachama wasiozidi 2,000. Katika kipindi cha mpito unafanya kazi yote ya kilimo hai lakini kahawa yako haiuzwi kwa jina hilo. Kila mwanachama anaweka daftari la alichopanda, alichoweka na alichovuna. Jirani akipulizia dawa na upepo ukaileta kwako, tatizo ni lako, kwa hiyo mpakani lazima uwe na ukanda wa miti au migomba ambao mazao yake hayachanganywi na mengine.

Hata hivyo siwezi kurudi nilikotoka. Tandazo, yaani nyasi na majani yanayofunika ardhi, limefanya udongo wangu ushike maji hata kiangazi kinaporefuka, na sidaiwi na duka la pembejeo msimu unapoanza. Mkulima mdogo anayeanza msimu bila deni hulala usingizi, na jambo hilo halionekani katika jedwali la mavuno.

Mkulima_Kitale anajibu:

Salamu kutoka Kitale. Ndugu yetu amesema wanaongeza mbolea kila msimu ili wabaki palepale. Hiyo ndiyo hali tuliyoiona sana katika ukanda wetu wa mahindi wa Trans Nzoia na Uasin Gishu. DAP na UREA, zikitumiwa miaka mingi mfululizo kwenye udongo ambao tayari una asili ya tindikali, huongeza tindikali hiyo. Pehashi, yaani kipimo cha tindikali ambacho kadiri kinavyoshuka tindikali huzidi, ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyomo kwenye udongo huanza kuyeyuka na kuumiza mizizi, na fosforasi unayoinunua kwa fedha nyingi hufungwa na udongo isimfikie mmea. Mkulima huona mahindi yana rangi ya zambarau kwenye majani, anadhani mbolea haikutosha, anaongeza. Anayenufaika hapo ni muuza mbolea peke yake. Kabla hamjaamua lolote, pimeni udongo. Wengi wetu tulipoanza kuweka chokaa ya kilimo, ambayo hupunguza tindikali, mbolea ileile ilianza kufanya kazi.

Jambo la pili ni wadudu. Viwavijeshi vamizi walipoingia Afrika mwaka 2016 na kutufikia mwaka uliofuata, watu walipulizia dawa kila waliposhauriwa, na mara nyingi bila kuona nafuu, kwa sababu kiwavi akishajificha ndani ya moyo wa mhindi dawa haimfikii. Huku magharibi mwa Kenya kuna mbinu isiyotegemea kupulizia dawa, iitwayo vuta sukuma, iliyotengenezwa na ICIPE kule Mbita pamoja na washirika wake. Unapanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na matete au nyasi za brakaria kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa bungua wa mabua, nyasi za pembeni huwavutia, na mizizi ya desmodiamu husababisha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kuota na kufa bila kupata mmea wa kunyonya. Juu ya hayo desmodiamu ni jamii ya mikunde, hivyo huongeza naitrojeni, na vyote viwili ni malisho ya ng'ombe. Mimi sina ithibati ya kilimo hai na bado natumia mbolea ya dukani kwa kipimo, lakini mbinu hiyo ni ya kisasa kuliko chupa yoyote ya dawa, kwa maana imetokana na utafiti wa miaka mingi.

Kwa dada anayehofia afya: mmea hupokea naitrojeni katika hali ileile, iwe imetoka kwenye samadi au kwenye UREA, kwa hiyo mahindi hayawi sumu kwa sababu ya mbolea. Hofu yenye msingi ni ya mabaki ya viuatilifu, hasa kwenye nyanya na mboga zinazopuliziwa leo na kuuzwa kesho bila kuheshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko, na ya mpuliziaji mwenyewe anayefanya kazi bila barakoa wala glavu. Tena kuna sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, ambayo haijali mahindi yamelimwa kwa mfumo gani. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya sumu hiyo iliua watu 125, nayo ilitokana na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Yakausheni vizuri juu ya turubai, msiyaanike chini kwenye udongo.

MsimamiziWaShamba anajibu:

Nimeajiriwa katika shamba kubwa la nafaka, na sipendi kuona kazi yetu ikielezwa kana kwamba ni uharibifu mtupu. Shamba kubwa linaloendeshwa vizuri hupima udongo kila kitalu, huweka mbolea kwa kipimo cha kitalu hicho, hupanda kwa wakati kwa sababu lina mashine, na hukausha nafaka kabla ya ghala. Mambo hayo manne yangeinua mavuno ya mkulima mdogo zaidi ya mabishano yote ya majina.

Lakini kwa shemeji yenu nina onyo moja, nalo limeandikwa katika historia ya nchi yetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, ikikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu kwa mitambo. Walikuwa na fedha, wahandisi na matrekta. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oka, vumbi la mchanga likala vyuma, na mvua haikuja kwa ratiba yao. Mpango ulisitishwa mwaka 1951 na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa kama hasara. Mashine hurudisha gharama yake pale ardhi ni tambarare, udongo umepimwa, mvua inatosha au kuna umwagiliaji, na soko lina uhakika. Ekari nane zenu na za majirani, kwenye miteremko ya Mbozi, zikiondolewa mipaka na makingamaji, zitapoteza udongo wa juu kwa mvua za misimu michache. Unganeni katika kukodi trekta, kununua pembejeo kwa pamoja na kuuza kwa pamoja, lakini mipaka ya nyasi iacheni ilipo.

MtotoWaMbozi anaandika tena:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Tulikaa kama familia, tukasoma majibu haya kwa sauti mbele ya mzee. Tulichukua udongo tukaupeleka kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, na majibu yameonyesha kwamba pehashi ya sehemu ya mahindi ni 4.9. Ng'ombe tulio nao ni wanne, wa kienyeji, na samadi yao imekuwa ikirundikwa juani nje ya zizi. Mabua tumekuwa tukiyachoma ili kurahisisha kulima. Kwa hali hii tuanzie wapi, na je, inawezekana kahawa iingie kilimo hai huku mahindi yakiendelea kupata mbolea ya dukani?

BwanaShambaMstaafu anajibu:

Kwa pehashi hiyo, anzeni na chokaa kwenye mahindi, kwa kiasi kitakachoandikwa na maabara, ikichanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Msiimwage pamoja na samadi au UREA, kwa sababu itageuza naitrojeni kuwa hewa ya amonia, na mtainusa ikiondoka. Samadi iezekeeni paa la nyasi leo hii; harufu kali mnayoisikia mkipita zizini ni mbolea yenu inayopaa. Ng'ombe wanne wa kienyeji hawatawapa zaidi ya tani tatu hivi za samadi kavu kwa mwaka, yaani theluthi ya naitrojeni inayobebwa na mahindi yenu, kwa hiyo elekezeni samadi yote kwenye kahawa, na mahindi yapate mbolea ya dukani kwa kipimo pungufu, huku mkipanda mikunde kwa mzunguko. Marejea, mmea wa jamii ya mikunde ambao wamisionari Wabenediktini wa Peramiho waliusambaza sana mkoani Ruvuma, unafaa kwa kufukiwa ukiwa mbichi kwenye ekari moja kila mwaka. Kwa upande wa fosforasi, mwamba wa fosfeti wa Minjingu unakubalika pia katika kilimo hai na hufanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali, kwa hiyo uwekeni mahali ambapo hamjaweka chokaa, mathalani kwenye mashimo ya mibuni mipya. Mabua msiyachome tena; yalazeni kwenye mistari kukinga mteremko.

Kwa mibuni iliyozeeka, nendeni kituo cha TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania) cha Mbimba, ambacho kiko hukohuko wilayani kwenu, muulize miche chotara inayostahimili chulebuni (ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa) na kutu ya majani. Kwa mkulima wa kilimo hai aina hizo ni muhimu kuliko kwa mwingine yeyote, kwa sababu bila ustahimilivu huo atalazimika kutegemea dawa za kopa (shaba), ambazo zinaruhusiwa lakini hujilimbikiza kwenye udongo, na ndiyo maana Ulaya imeziwekea kikomo cha kilo 28 za kopa kwa hekta katika miaka saba.

MamaKibanja_Muleba anajibu:

Niongeze kwenye swali lako la mwisho. Kanuni za Ulaya zinaruhusu shamba kugawanywa katika sehemu zilizotengana waziwazi, zenye mazao yanayotofautishwa kwa urahisi, na kahawa na mahindi ni mazao ya namna hiyo. Lakini mkaguzi atauliza kuhusu ekari zote nane, atataka kuona mbolea ya mahindi inahifadhiwa wapi, na bomba la kupulizia dawa la mahindi lisionekane kabisa karibu na mibuni. Kikundi chenyewe kinaweza kuwa na sharti kali zaidi, kwa hiyo ulizeni kabla ya kusaini. Na msisubiri kuandikishwa mkidhani miaka mitatu ya mpito inahesabiwa tangu siku mlipoacha mbolea nyumbani kwenu. Huanza kuhesabiwa pale shamba linapokuwa limeingia rasmi chini ya mtoa ithibati, hivyo pelekeni ramani ya shamba na daftari lenu kwa kikundi kabla ya mvua za Novemba.